Sauti ya Kati Inapopewa Nafasi: Konseto ya Viola ya Telemann na Istilahi za Kuisikiliza kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza konseto ya viola katika skeli ya G meja iliyotungwa na Georg Philipp Telemann (1681–1767), kazi inayofahamika vyema kwa wapigaji wa viola na kusahauliwa na takriban wasikilizaji wengine wote. Makala yanadai kwamba uzuri wa kazi hii hautokani na wepesi wa vidole vya mpigaji, bali na jinsi mtunzi alivyopanga mazungumzo baina ya ala moja yenye sauti ya kadiri na kundi linalojua kuipisha. Vilevile yanaonesha kwamba msamiati wa ushairi na taarabu ya Kiswahili unatosha kuyaeleza mazungumzo hayo, ilimradi kila istilahi ipimwe kabla ya kutumiwa.

Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili anaposikia kipande chochote cha muziki, aghalabu hukiita wimbo, hata kama hakuna aliyefungua kinywa kuimba. Mazoea haya yana mantiki yake, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya sanaa ya Waswahili ala hulisindikiza neno, na neno ndilo linalobeba fumbo, kijembe na sifa. Hata hivyo, mazoea hayo yana gharama. Msikilizaji aliyezoea kutafuta maneno, anapokutana na muziki usiokuwa na neno hata moja, hubaki na hukumu mbili tu: umemfurahisha au umemchosha. Hawezi kusema ni wapi palipomfurahisha, wala kwa nini, kwa sababu hakupewa msamiati wa kufuatilia kinachotendeka. Jambo hili si dogo kwa lugha inayofundishiwa sanaa za maonesho. Mwalimu anayelazimika kuhamia lugha nyingine kila anapofika kwenye muziki wa ala huwafundisha wanafunzi wake, bila kukusudia, kwamba kuna aina ya usikivu isiyowezekana kwa Kiswahili.

Konseto ya Telemann imeteuliwa kwa sababu inafaa kuwa mtihani wa dai hilo. Ni fupi, kwani huchukua takriban dakika kumi na nne. Umbo lake ni wazi. Haimtegemei msikilizaji kujua hadithi yoyote nje ya sauti zenyewe, tofauti na konseto za Vivaldi za majira manne ya mwaka, ambazo watu wengi huzisikiliza wakitafuta ndege na mvua. Zaidi ya hayo, ala yake kuu ni ile ambayo hata wapenzi wa muziki huo wa Ulaya huisahau.

Telemann na kazi yake

Telemann alizaliwa Magdeburg mwaka 1681. Mama yake hakutaka awe mwanamuziki, na mwaka 1701 alikwenda Leipzig kwa nia ya kusoma sheria. Nia hiyo haikudumu. Alitumikia katika makasri ya Sorau na Eisenach, na mwaka 1712 akahamia Frankfurt kuwa mkurugenzi wa muziki wa mji huo. Huko aliongoza pia chama cha wapenda muziki kilichokuwa chini ya jumuiya ya Frauenstein, na tamasha zake zilihitaji kazi mpya mara kwa mara. Mwaka 1721 alihamia Hamburg, alikoishi hadi kifo chake mwaka 1767. Konseto ya viola hudhaniwa kuwa ilitungwa kati ya miaka 1716 na 1721, yaani katika kipindi cha Frankfurt, na ndiyo konseto ya viola ya zamani kuliko zote zinazojulikana kuwapo leo.

Kazi za Telemann hukadiriwa kuzidi 3,000, na wingi huo ulikuja kumponza. Wanazuoni wa karne ya 19 waliomwinua Johann Sebastian Bach walimwona Telemann kuwa fundi wa kutoa kazi harakaharaka, asiyekuwa na kina. Kinachochekesha ni kwamba Philipp Spitta, na baada yake Albert Schweitzer, walizisifu kazi kadhaa wakidhani ni za Bach, kumbe zilikuwa za huyohuyo Telemann waliyemdharau. Kantata iliyopewa namba 160 katika orodha ya kazi za Bach ni mfano mmojawapo. Watu wa zama zao walikuwa na hukumu tofauti. Mwaka 1722 Telemann ndiye aliyechaguliwa kwanza kushika wadhifa wa muziki katika kanisa la Thomas mjini Leipzig. Alipoukataa, hatimaye wadhifa huo ulimfikia Bach mwaka 1723. Wawili hao hawakuwa mahasimu: Telemann alikuwa baba wa ubatizo wa Carl Philipp Emanuel, mwana wa Bach, ambaye baadaye alimrithi kazini Hamburg.

Katika tawasifu yake ya mwaka 1718, Telemann alikiri kwamba konseto hazikuwahi kumtoka moyoni hasa, ingawa alikuwa ametunga nyingi. Ungamo hilo limetumiwa na baadhi ya wachambuzi kuzishusha hadhi konseto zake. Linaweza kusomwa kwa namna nyingine. Konseto nyingi za wakati ule zilikuwa uwanja wa mpigaji mmoja kujigamba, na mtu asiyevutiwa na majigambo hayo alikuwa na sababu ya kutafuta njia yake. Viola, kama itakavyoonekana, haifai kwa majigambo.

Ala isiyotazamwa

Viola ni ndugu wa fidla. Nyuzi zake nne ni C, G, D na A. Tatu za juu ndizo tatu za chini za fidla, na huo wa C unaongezwa chini yake. Kwa maneno mengine, viola ni fidla iliyopoteza uzi wake mwembamba unaong'aa na kupewa uzi mnene badala yake. Lakini haikuongezewa mwili wa kutosha. Kiwiliwili cha fidla kina urefu wa kama sentimita 36. Ili viola ivume kwa uwiano uleule, kiwiliwili chake kingepaswa kuwa na urefu wa takriban sentimita 53, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungeishika begani kwa raha. Kwa hiyo mafundi huijenga kwa sentimita 39 hadi 43 hivi. Matokeo yake ni sauti yenye kivuli: nzito kidogo, yenye ukwaruzo wa mbali, isiyopaa juu ya kundi kama sauti ya fidla. Wajerumani huiita Bratsche, jina lililotokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya mkono, kwa kuwa hushikwa mkononi na si magotini.

Katika muziki wa karne ya 18 kazi ya viola ilikuwa kujaza. Fidla za kwanza zilibeba mahadhi, besi ilibeba msingi, na viola ikaziba pengo la katikati. Johann Joachim Quantz, katika kitabu chake cha mwaka 1752 kuhusu upigaji wa filimbi, alieleza kwamba viola huonwa kuwa jambo dogo na mara nyingi hukabidhiwa wanaoanza kujifunza au wasiokuwa na kipaji. Yeye mwenyewe aliupinga mtazamo huo. Bach naye alipenda kuipiga, na konseto ya sita kati ya zile alizozitoa wakfu kwa mtawala wa Brandenburg mwaka 1721 ina viola mbili mbele na haina fidla hata moja. Lakini hizo zilikuwa nadra. Kwa kawaida, viola ikinyamaza wasikilizaji wengi hawajui ni nini kilichopungua. Wanahisi tu kwamba muziki umekonda.

Swali la ufundi lililomkabili Telemann lilikuwa hili: sauti ya kati inawezaje kusikika ikiwa mbele bila kugeuzwa kuwa fidla? Angeweza kuipandisha juu hadi ishindane na fidla kwa ukali. Hakufanya hivyo. Alichagua skeli ya G meja, ambamo nyuzi za G na D zinavuma zenyewe bila kubanwa na kidole, na akapunguza sauti za kundi kila viola inapozungumza. Wakati mwingine hubaki besi endelevu peke yake, yaani selo au besi pamoja na hapsikodi. Wakati mwingine fidla huingia kwa noti chache tu na kutoka. Ustaarabu wa kundi katika kazi hii ni ustaarabu wa kunyamaza.

Konseto, mkarara na bashrafu

Neno konseto lenyewe lina utata wenye manufaa. Kitenzi cha Kilatini kinachohusishwa nalo kina maana ya kushindana, na Michael Praetorius alilieleza kwa maana hiyo mwaka 1619. Katika Kiitaliano kitenzi hichohicho kina maana ya kupatana na kupanga jambo pamoja. Kiswahili kina neno linalokaribia kubeba pande zote mbili, nalo ni malumbano. Washairi wanaolumbana hupingana, lakini hawawezi kupingana bila kwanza kukubaliana kuhusu bahari, vina na mizani. Anayejibu nje ya umbo hajashinda. Ametoka tu nje ya mchezo. Mpigaji wa konseto naye hupingana na kundi ndani ya masharti ambayo kundi limeyatangaza.

Masharti hayo hutangazwa na kifungu ambacho kundi zima hukipiga mwanzoni na ambacho hurejea, kizima au nusunusu, baina ya maneno ya mpigaji pekee. Ni umbo lililoenea Ulaya hasa baada ya Vivaldi kuchapisha konseto zake kumi na mbili mjini Amsterdam mwaka 1711. Kifungu hicho kiitweje kwa Kiswahili? Kiitikio ndilo neno la kwanza linalojitokeza, lakini linapotosha, kwa sababu kuitikia ni kujibu, na katika konseto kundi ndilo linaloanza kusema. Kipokeo, neno linalopendwa na watu wa taarabu, lina kasoro hiyohiyo: anayepokea amesubiri kupewa. Kibwagizo kinafungamana mno na mshororo wa mwisho wa ubeti. Makala haya yanapendekeza mkarara, kwa kuwa neno hilo linasisitiza kurudiarudia na halilazimishi jibu la nani alianza.

Msikilizaji wa Zanzibar ana njia ya mkato ya kulielewa umbo hili. Vikundi vikongwe vya taarabu, kama Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club, vina desturi ya kupiga bashrafu, kipande kisichoimbwa, kabla ya nyimbo kuanza. Bashrafu, ambayo asili yake ni muziki wa makasri ya Waturuki, hujengwa kwa vifungu viitwavyo khana, na baada ya kila khana hurudi kifungu kimoja kiitwacho taslimu. Kwa hiyo si kweli kwamba sikio la Mswahili ni geni kwa muziki wa ala wenye mkarara. Limekuwa likiusikia kabla ya mwimbaji kuinuka. Tofauti iko katika namna ya kurejea. Taslimu hurudi ilivyo, nyumbani kwake, kama mtu anayeingia kwa mlango uleule kila mara. Mkarara wa Telemann hurudi mara umekatwa, mara umehamishiwa skeli jirani, hata msikilizaji akajiuliza kama ndio uleule. Anayesikiliza bashrafu hufurahia kurejea. Anayesikiliza konseto hufurahia kutambua.

Sehemu nne

Telemann hakufuata mpangilio wa Vivaldi wa sehemu tatu. Alitumia nne, za taratibu na za haraka kwa kupokezana, kama zilivyokuwa sonata za kanisa: Largo, Allegro, Andante na Presto. Uamuzi huo una athari kubwa. Konseto inayoanza kwa kasi huuliza mara moja, "Huyu anaweza nini?" Hii inaanza taratibu, na swali lake ni jingine: "Huyu ana sauti gani?"

Largo ndiyo sehemu inayostahili kusikilizwa mara nyingi kuliko zote. Mapigo yake ni matatu mapana. Kundi linatandika kwanza, kisha viola inaingia kwa noti ndefu. Kwenye karatasi noti hizo ni chache mno hata mtu akadhani mtunzi alisahau kumaliza kazi. Ndivyo ilivyokuwa desturi: katika sehemu za taratibu mtunzi aliandika mifupa, na mpigaji alitarajiwa kuivika nyama kwa mapambo ya papo kwa papo. Msikilizaji wa taarabu hahitaji maelezo marefu hapa, kwa maana anajua kwamba mwimbaji hodari hauimbi mshororo ule mara ya pili kama alivyouimba mara ya kwanza. Hata hivyo, wapo wapigaji wanaoijaza Largo hii madoido hadi noti ndefu zikapotea, na hilo ni kosa la hukumu, si la ufundi. Noti ndefu ya viola ina jambo ambalo noti ndefu ya fidla haina: haianzi ikiwa imekamilika. Upinde huugusa uzi, sauti huzaliwa na giza kidogo, halafu hufunguka. Mwenye haraka ya kuipamba hufunika kile ambacho ala hii pekee ingeweza kukionesha.

Ushauri wa kiutendaji kwa mwalimu ni kuwataka wanafunzi wasifuate mahadhi katika usikilizaji wa kwanza wa Largo, bali wasikilize kundi pekee: linaingia lini, linajipunguza lini. Baada ya hapo viola itasikika yenyewe, na mwanafunzi atakuwa na la kusema.

Allegro inajulikana kwa kila aliyewahi kujifunza viola, kwani imo hata katika kitabu cha nne cha mfululizo wa Suzuki wa viola. Umaarufu huo wa darasani ndio uliochangia kuidhalilisha. Kazi wanayoipiga wanafunzi huonekana ya wanafunzi. Mkarara wake unaanza kwa mkazo uliohama: noti fupi inakaa palipotarajiwa uzito, na noti ndefu zaidi inakuja baada yake, nje ya pigo. Sikio lililozoea ngoma halipati shida na mkazo wa namna hii. Mguu huupata kabla ya akili. Viola inapoingia haileti habari mpya, inalichukua neno lilelile la kundi na kulisema kwa sauti yake. Hapa ndipo malumbano yanapoanza hasa, kwa kuwa kukariri kauli ya mwenzako kwa lafudhi nyingine ni namna ya kuijibu. Kisha kauli hiyo inasafiri katika skeli jirani, D meja ikiwamo, na kila inapofika mahali papya ule mkazo uliohama ndio kitambulisho chake. Msikilizaji anaweza kupoteza skeli asijue yuko wapi. Mkazo ule hawezi kuupoteza.

Andante inahamia E maina, na mwanga unapungua. Si sehemu ya msiba, ingawa wapo wanaoipiga hivyo. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea, kama jina lake linavyosema, na noti zake zinafuatana kwa hatua sawa. Wapigaji wengi huchagua kuipandisha mikono juu ya shingo ya ala na kubaki kwenye nyuzi nene badala ya kuhamia uzi wa A, ili sauti iwe laini na iliyofunikwa. Uchaguzi huo wa uzi ni sawa na uchaguzi wa kauli: noti ni ileile, lakini imesemwa chini kwa chini. Kiswahili kina vitenzi vingi vya usemaji wa namna hiyo, na ni ajabu kwamba havijatumiwa vya kutosha katika kueleza muziki. Kunong'ona, kuguna, kusema kwa kusitasita, kudokeza: kila kimoja kinaeleza jambo mahususi ambalo upinde unaweza kulifanya. Karibu na mwisho wa sehemu za taratibu baadhi ya wapigaji huongeza kifungu kifupi cha kubuni, kundi likiwa limesimama kuwasubiri.

Baada ya utulivu huo, Presto inakuja kama watu waliokuwa wakikusudia kuondoka muda mrefu na sasa wamepata ruhusa. Noti za haraka zinamiminika, na jambo la kuangaliwa ni kwamba hazimiminiki kwa mpigaji pekee tu. Fidla za kundi nazo zinakimbia mbio zilezile. Katika konseto nyingi, sehemu ya mwisho ndiyo mpigaji anapojitenga na wenzake kwa kasi ambayo hawaiwezi. Hapa kasi imegawanywa. Viola inakimbia na kuliacha neno, kundi linalidaka na kuendelea nalo, na kwa kuwa rangi ya viola iko katikati ya fidla na besi, kuna nyakati ambapo inazama ndani ya kundi kabisa na sikio linaitafuta. Kisha inaibuka tena, chini kuliko ilivyotarajiwa.

Hapo ndipo istilahi ya mpigaji pekee inapopwaya. Katika dakika zote kumi na nne za kazi hii ni nadra mno kwake kuwa peke yake: besi iko chini yake, fidla ziko juu yake, na viola nyingine za kundi zinaendelea na kazi ile ya kujaza ambayo yeye mwenyewe ameinuliwa kutoka kwayo kwa muda. Neno mlumbi lingemfaa zaidi, kama wanaisimu wasingekuwa wamekwisha kulitumia kwa mtu anayezungumza lugha nyingi.